Sufu, Lamu, na joto hili

Jirani yangu alipoingia ukumbini akaona beseni limejaa manyoya ya kahawia, alitupa macho huku na huku akimtafuta mwenye nywele. "Wamnyoa nani?" Nikamwambia hajanyolewa mtu, hayo ni manyoya ya alpaca, mnyama wa Peru. Akauliza kama analiwa. Nikamwambia huko kwao analiwa. Hapo akatulia, maana mnyama anayeliwa ni mnyama wa kueleweka. Akavua buibui, akaketi, akashika tonge la manyoya kama anayepima sufi ya mto.

"Na wewe wayatakia nini?"

"Nasokota uzi wa sufu."

"Hapa Lamu? Na joto hili?"

Mwaka mzima na zaidi naulizwa swali hilo, na jibu langu halijapata kunyooka. Joto ni kweli. Ninaposokota hata feni siwashi, kwa sababu ikizunguka tu manyoya yote huhamia kwenye pazia. Basi hukaa usiku baada ya Isha, jasho likinitiririka mgongoni, nikitengeneza kitu cha kumkinga mtu na baridi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuionja.

Yalinijia hivi. Mdogo wangu ameolewa Uingereza, na karibu na kwake kuna mtu anayefuga alpaca. Hunyolewa mara moja kwa mwaka kabla joto la huko halijapamba, na mengine ya manyoya hayo hubaki yamerundikwa ghalani. Mdogo wangu ananijua: nafuma vitambaa vya makochi, natia nakshi kofia za watu, mkono wangu haukai bure. Akanitumia kilo moja na nusu ndani ya mfuko uliofyonzwa hewa ukawa mgumu kama tofali. Huko mzigo ulikopokelewa wakaufungua, na mfuko ukafura mbele ya kijana aliyeufungua kama andazi ndani ya mafuta. Akanipigia simu kuniuliza nywele hizi za kusukia ni za daraja gani. Nikamweleza kwa urefu. Nadhani alinielewa, lakini risiti niliyo nayo mpaka leo imeandikwa "nywele".

Mjomba naye alitaka kujua mnyama mwenyewe yukoje. Nikamwambia ni jamaa ya ngamia, ila hana nundu, ana shingo ndefu, mabegani hafiki mita moja, na akikasirika hutema mate. "Huyo ni ngamia," mjomba akasema, shauri likaisha. Wako wa namna mbili: huacaya, mwenye manyoya yaliyofutuka kama ya mwanasesere, na suri, ambaye manyoya yake huning'inia kwa mashungi marefu yanayong'aa. Yangu ni ya huacaya.

Sasa kuosha. Hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo nilipoharibu kwanza.

Sufu ya kondoo ina mafuta, na anayeisafisha hana budi kutumia maji ya moto na sabuni ya kutosha. Alpaca hana mafuta hayo. Alicho nacho ni vumbi, maana hupenda kujigaragaza chini kama punda wetu wanavyojigaragaza wakishatuliwa mizigo. Nilipoyakung'uta mafungu ya kwanza juu ya dari, lilitoka vumbi la Uingereza la kutosha kupandia mchicha. Wapo wanaosokota hivyo hivyo bila kuosha. Mimi sikuweza. Nikachota maji ya kisima cha nyumbani, ambayo yana chumvi, nikatia sabuni. Povu likakataa. Ukatoka utando mweupe uliong'ang'ania kwenye manyoya, na yalipokauka yakawa na mkwaruzo kama shati lililoanikwa baada ya kuogelewa baharini. Ukae Lamu miaka yote hii usijue habari ya maji! Maji yetu matamu ni ya mvua iliyonywewa na vilima vya mchanga vya Shela, na siku ile mfereji ulikuwa mkavu. Fungu la pili nililingojea mvua. Nikakinga ndoo tatu, nikayapasha vuguvugu, nikayalaza manyoya nusu saa bila kuyafikicha. Hilo la kutoyafikicha si masihara. Kila unywele una magamba madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, na ukiyasugua ndani ya maji ya sabuni hushikana yakawa zulia. Nina kipande kimoja cha zulia hilo. Nakiwekea birika.

Nikayaanika darini juu ya chandarua cha zamani, kivulini. Ndani ya saa moja paka wawili walikuwa wameshalala humo, na ukimfahamu paka wa Lamu wajua kwamba haondoki kwa kuambiwa. Nikawafukuza. Wakaja kunguru. Kunguru hakulala, alichukua. Alikuwa akishika kishungi kimoja, anakwenda nacho kwenye mwarobaini wa jirani, anarudi. Mahali fulani mtaani Langoni kuna makinda ya kunguru yaliyolelewa ndani ya alpaca.

Kuchambua ni kazi ya mikono na subira, kama kuchambua mchele wa shughuli. Unatoa majani, unatoa vijiti, unatoa zile singa nene zilizonyooka ambazo zikibaki ndani ya uzi zitakuchoma shingoni. Wenye vifaa hutumia mabrashi mawili ya meno ya waya. Mimi nilianza na shanuo la mti, na bado nalipenda. Natandaza manyoya yaliyochanwa, naviringisha polepole mpaka yapate umbo la bomba jepesi, vile vile unavyoviringisha mkate wa kusukuma ulioupaka samli kabla hujaukunja duara. Wanangu waliipenda hatua hiyo peke yake, na hawakukaa hata siku mbili.

Pia ya kusokotea niliitafuta kwa fundi anayechonga milango. Nikamchorea: kijiti cha urefu wa dhiraa moja hivi, chini yake kisahani cha mviringo, juu kulabu. Akanichongea kisahani kwa kipande kilichobaki cha ubao wa mlango, kizuri mno, kina hata nakshi ya ua ukingoni. Nacho kilikuwa kizito, gramu 70. Kila nilipoachia pia ikining'inia, uzi ulikatika, pia ikapiga sakafu. Paa! Watoto wa nyumba ya chini wakaanza kuhesabu. Mwishowe nikachukua kifuu cha nazi, nikakisugua kwa msasa kikawa kisahani chepesi, kulabu nikafanya kwa waya wa mwavuli uliovunjika. Gramu 26. Uzi ukaanza kusimama.

Nieleze kinachokwenda mkononi, maana kwa mbali huonekana kama mchezo. Mkono wa kulia unaizungusha pia kwa vidole, kama anayewasha redio ya zamani. Mkono wa kushoto umeshika lile bomba la manyoya. Mzunguko unapanda kwenye unyuzi, na wewe unauzuia kwa kidole gumba na cha shahada usiingie ndani ya manyoya kabla hujayavuta yakawa membamba kiasi unachotaka. Ukishavuta, unaachia, mzunguko unapanda mara moja na pale palipokuwa na ukungu tu panakuwa uzi. Ukichelewa kuachia, manyoya yanaachana. Ukiwahi, mzunguko unaingia ndani ya bomba lote na huwezi tena kulivuta. Kwa kondoo una nafasi ya kukosea, kwa sababu magamba yake yamesimama na nyuzi hukamatana. Magamba ya alpaca yamelala. Unyuzi hupita juu ya mwenzake kama hariri, hauna pa kushika ila ule mzunguko wenyewe, kwa hiyo inakupasa uuzungushe zaidi. (Wanaosikia "sufi" ninaposema "sufu": hapana, sufi ya msufi sijaijaribu wala sitajaribu. Ni fupi, inateleza kuliko hata hii, na pahali pake ni ndani ya mto.)

Kuna kitu kimoja ambacho hali yetu ya hewa imenisaidia. Nasikia wa nchi kavu manyoya haya huwasimama na kuwarukia usoni kwa umeme wa msuguano. Hapa unyevu wa bahari huyatuliza, na yakizidi kunirukia nanyunyiza maji vidoleni.

Basi baada ya wiki sita nilikuwa na uzi. Mwembamba hapa, mnene pale, lakini uzi. Nikachukua sindano ya kroshia nikafuma kitambaa cha mraba, na mraba ukakataa kuwa mraba. Ulilala upande kama tanga la dau lililoshikwa na upepo. Nikaufumua, nikafuma tena, ukalala upande ule ule. Tena uzi wenyewe ukiulegeza kidogo tu unajikunjakunja, unajisokota vifundo, hauna adabu. Niliutupa kikapuni nikaupa kisogo.

Shangazi ndiye aliyeuokota. Alikuja kutoka kijijini Matondoni kwa ajili ya macho yake, akakaa nasi miezi mitatu. Macho yana mtoto, lakini vidole vyake vimesuka ukili tangu hajavaa buibui, na vidole hivyo havina ugonjwa wowote. Alikuwa akinisikiliza jioni zile pia inapoanguka, hasemi. Siku hiyo alikuwa ametia mkono kikapuni kutafuta tasbihi yake.

"Huu umeusokota," akasema. "Lakini hukuupota."

Nikamwambia, Shangazi, si ni mamoja? Akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Akanituma nimletee kipande cha kamba ya makumbi, kuukuu, yoyote. Nikakata iliyokuwa imefunga mlango wa banda la kuku. Akanipa ncha moja nishike, yeye akashika nyingine, akaanza kuifumua. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili. Kila mmoja umesokotwa kuelekea upande mmoja. Lakini ile kamba nzima, nyuzi mbili zilizokumbatiana, ilizungushwa upande wa pili. Maisha yangu yote nimefunga kwa kamba hizi, nimeanikia nguo, nimechotea maji, na sikuwahi kuzitazama.

Kisha akanionyesha paja. Akavuta kanga juu ya goti, akachukua mafungu mawili ya usumba aliyoyatoa kwenye kamba ile, akayaweka sambamba juu ya paja na kuyasukuma mbele kwa kiganja, mkokoto mmoja. Yakajisokota yote mawili, kila moja peke yake. Bila kuinua mkono akayakutanisha na kukivuta kiganja nyuma. Yakarukiana. Alipoachia, kamba haikufumuka. Ikalala juu ya paja lake imetulia kama imekuwa hivyo siku zote.

"Mbele wasokota, nyuma wapota," akasema. "Ukenda mbele tu, hurudi, utapata huo uzi wako wenye kiburi."

Sababu yake nimeielewa baadaye, na ni nzuri kuijua. Uzi mmoja uliosokotwa umebeba nguvu ya kutaka kurudi ulikotoka. Ndiyo inayoufanya ujikunje, ndiyo inayokilaza kitambaa upande. Ukizitia nyuzi mbili pamoja na kuzizungusha kinyume cha mzunguko wao, kila mmoja unapata njia ya kufumuka kidogo, na kule kufumuka kwake ndiko kunakomkaza mwenzake. Nguvu mbili zinashikana, zinanyamaza. Hata mahali ulipokuwa mwembamba huu hukutana na unene wa ule, na makosa yanafichana. Kamba ya makumbi na uzi wa alpaca, kanuni ni moja, ijapokuwa mmoja umefukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi kisha ukapigwa magongo hadi nyama yote ya kumbi ikatoka, na mwingine umeletwa kwa ndege.

Shangazi alifanya kazi hiyo utotoni. Alinisimulia harufu ya makumbi yanapofukuliwa, ambayo anasema haitoki mkononi hadi siku tatu, na jinsi walivyoyapiga wakiimba, na mtanga uliokuwa ukiwaingia machoni. Mamaake alimwambia habari za mitepe, vile vyombo vya visiwa hivi ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa bado vikionekana kwenye bahari hii. Nikawaza: chombo kizima, mizigo na roho za watu, kimeshikwa na kile kiganja kinachokwenda mbele na kurudi nyuma.

Wala usokotaji wa uzi wenyewe si mgeni hapa, nami nilikuwa nikijiona mvumbuzi. Wataalamu waliochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980 walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati: visahani vya pia za kusokotea. Kilwa pia vimepatikana. Watu wa pwani hii walisokota pamba yao kwa vyungu vilivyovunjika, mimi nikamsumbua fundi wa milango.

Usiku ule ule nilianza kupota. Nyuzi mbili, vidonge viwili, kila kimoja ndani ya bakuli lake visizongane, pia ikizungushwa kinyume. Kusokota huchukua siku, kupota huchukua saa, na raha yake haina mfano: ule uzi mtundu unapita vidoleni mwako unakuwa mpole. Tabu ni kwamba kidonge kimoja huisha mapema na kingine kinabaki. Watu wa milima ya Andes, kwao alpaca, ambao wamefanya kazi hii maelfu ya miaka na husokota hata wakitembea nyuma ya mifugo, wana ujanja wao: uzi mmoja huzungushwa mkononi kwa mpango maalumu mpaka unakaa kama bangili kwenye kifundo cha mkono, ncha zote mbili ziko nje, unaupota wenyewe kwa wenyewe hadi mwisho bila kubaki kitu. Niliujaribu. Katika kuuzungusha, uzi hupita kwenye kidole cha kati, na mimi nilikaza. Kidole kikawa cha buluu kama wino. Mume wangu alinikuta nimeinua mkono juu na siwezi kujinasua, akaniuliza nimwite daktari au nimwite Shangazi. Shangazi akaja, akapapasa, akavuta uzi mmoja, kidole kikatoka. "Kekee gani hii," akasema, "ya kumuua mvaaji."

Uzi uliopotwa nauzungusha kwenye miguu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyopinduliwa. Nimepima: mzunguko mmoja ni sentimita 110, kwa hiyo nahesabu. Naufunga mahali panne usizongane, nauvua. La kwanza lilikuwa na mizunguko 112 na uzito wa gramu 58. Nilitafuta neno la kuliitia lile duara la uzi, nikawa nasema fungu, nikasema shada. Shangazi alilichukua akalitia shingoni. "Koja," akasema, kama koja la asumini la bibi arusi. Tangu hapo kwetu ni koja.

Koja huloweshwa maji ya vuguvugu, hukamuliwa bila kusongolewa, hupigwa ukutani mara mbili tatu ili mzunguko ujigawe sawa, huanikwa bila kutundikiwa uzito, kwa kuwa alpaca hana mnyumbuko wa kondoo. Akivutwa hubaki amevutika. Kisha ndio mtihani. Ukiliinua koja likajisongoa, umepota kidogo au umezidisha. Likining'inia wazi, umepatia. La kwanza lilijisongoa nusu duara. La pili robo. La tano niliangika kwenye msumari wa ukumbini, nikarudi nyuma. Shangazi akauliza, "Limegeuka?" Nikamwambia halijageuka. Akainuka akaja kulishika mwenyewe, maana maneno yangu hayaamini.

Nina makoja 11 sasa. Yako kwenye kasha pamoja na karafuu, kwa ajili ya nondo. Mengine saba yamekuwa mtandio uliokwenda kwa mdogo wangu, nao unarudi Uingereza ulikotoka, jambo ambalo mjomba analiona ni kichekesho kikubwa kuliko yote. Mdogo wangu aliniletea picha kwenye simu, ameuvaa nje, nyuma yake baridi imeweka weupe juu ya nyasi. Anasema hauchomi. Anasema una joto hata akauvua ndani ya gari.

Vipande vilivyokatika, vifupi, visivyofaa kitu, Shangazi alivikusanya bila kuniuliza. Kabla ya kurudi Matondoni alivisokotea pajani, mbele nyuma, mbele nyuma, akapata kamba ya kahawia yenye urefu wa pima moja. Nilipokwenda kumtazama mwezi uliopita niliikuta chumbani kwake. Chandarua chake kimefungwa pembe tatu kwa kamba ya makumbi, na ya nne, ya upande wa kichwani, kwa alpaca.